Picha ya Harusi Isiyo na Kicheko

“Mama mdogo, mbona kwenye picha ya harusi yako hakuna hata mtu mmoja anayecheka?”

Ngan aliuliza hivyo akiwa na miaka minane, amepanda juu ya kigoda, pua yake imekaribia kugusa kioo cha fremu. Alikuwa mtoto wa maswali. Alishauliza kwa nini bata hawalowi, na kwa nini babu huwekewa chai kwenye meza ya kuwakumbuka wahenga ilhali chai yenyewe haipungui. Na siku zote mama yake mdogo, Lieu, alikuwa na jibu, la kweli au la kutunga. Siku hiyo aliutua mzigo wa nyasi aliokuwa ameubeba begani, akatoka nje.

Ngan akadhani ametukana. Angejuaje? Siku mbili tu nyuma, mjini Saigon, mwanamke mmoja aliyeketi upande wa pili wa kioo alikuwa amemuuliza Lieu swali hilohilo. Na kwa jinsi mahojiano yale yalivyokwenda, Lieu alikuwa amenyimwa ruhusa ya kumfuata mumewe ng’ambo.

Lakini mambo hayakuanzia kwenye picha. Yalianzia kwenye kitanda cha kufumia mikeka.

Katika kijiji chao cha Dinh Yen kila nyumba ina kitanda hicho, na kitanda hicho hakimtaki mtu mmoja. Wanatakiwa wawili. Mmoja hukaa ubavuni, ameshika kijiti kirefu, anapenyeza unyasi mmoja mmoja katikati ya nyuzi. Mwingine hukaa juu ya kitanda chenyewe, anauvuta ubao mzito na kuubana ule unyasi. Penyeza, gu! Penyeza, gu! Ukipita barabara ya mtoni asubuhi unaisikia hiyo gu kutoka kila mlango, na mtu wa Dinh Yen akihama, kitu cha kwanza kinachomkosesha usingizi ni ukimya.

Lieu alianza kuvuta ubao akiwa na miaka kumi na mmoja, pale dada yake mkubwa Huong, ambaye baadaye alimzaa Ngan, alipoolewa na kuiacha nafasi yake wazi. Wa kupenyeza alitoka nyumba ya pili. Aliitwa Khiem, alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu mirefu kama korongo, na kitanda cha kwao kilikuwa kimeliwa na mchwa.

Mzee Tu, baba yake Lieu, alimpokea kwa kumkagua kidole kwa kidole.

“Kijana, unajua kazi hii?”

“Najua, Mzee.”

“Nani kakufundisha?”

“Mama.”

“Basi mama yako tutamsamehe.”

Maana kila mkeka alioushika Khiem ulitoka na masikio. Ndivyo Mzee Tu alivyoiita kasoro ile: upande wa kushoto, kila baada ya shubiri moja hivi, ukingo ulitokeza kidogo kisha ukarudi ndani. Khiem alidai kosa ni la Lieu, anabana kabla unyasi haujafika mwisho. Lieu alidai kosa ni la Khiem, mkono wake mfupi ingawa miguu yake mirefu. Walibishana hivyo miaka kumi. Walibishana nyasi zikianikwa barabarani, nyekundu, kijani na manjano. Walibishana maji ya mto yakipanda na kuwalowesha vifundo vya miguu wakiwa wanafuma vilevile. Siku ambayo hawakubishana, Bi Tu, mama yake Lieu, aliweka kisu cha kukatia mboga chini, akamwambia mumewe, “Mzee, hawa watoto wameanza kupendana. Nyumba imenyamaza.”

Kisha karatasi zikaja. Shangazi yake Khiem alikuwa ameiombea familia yao kuhamia ng’ambo miaka mingi nyuma, hata wenyewe walishasahau. Pale kijijini watu hawaitaji nchi kwa jina, husema tu “kule”, na kidevu kinaelekezwa mtoni. Khiem aliondoka kwenda kule na wazazi wake akiwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi ya safari alipenyeza unyasi wa mwisho, akakiacha kijiti kimechomekwa katikati ya nyuzi, akasema, “Usibane kwanza, nakuja.” Akaenda kupanda gari.

Mkeka ule aliumalizia Lieu na dada yake Huong. Mzee Tu hakukubali uuzwe. Jioni alikuwa akipitisha kidole ukingoni, masikio, masikio, masikio, halafu ghafla ukingo ukanyooka kama rula.

“Hapa,” alisema, “ndipo alipopanda ndege.”

Miaka minne Lieu na Khiem waliishi ndani ya simu. Wala usidhani waliambiana maneno ya asali. Khiem alikuwa akipanda mapaa ya watu kuyatengeneza, kwenye baridi inayopasua midomo, na akishuka kula cha mchana huandika, “Umekula?” Lieu hujibu, “Nimekula. Wewe?” “Nimekula.” “Umekula nini?” “Mkate.” “Mkate si chakula.” Basi. Kesho yake, hivyohivyo. Kwao kumuuliza mtu kama amekula ndiyo salamu, na ndiyo kumjali, na kwa hawa wawili ndiyo ilikuwa barua yote ya mapenzi.

Harusi ilipangwa kufanyika baada ya Mwaka Mpya: wageni mia mbili, turubai hadi barabarani, mwimbaji wa kukodi. Lakini mwezi wa kumi Mzee Tu akaanguka kitandani, na ini lake halikuwa la kuponyeka. Khiem akaomba likizo, akaja.

Aliingia mlangoni mchana wa jua kali, amevaa koti zito alilosahau kulivua tangu uwanja wa ndege, jasho linamtiririka. Mzee Tu, ambaye kwa mwezi mzima hakuwa ametoa sauti ila ya kugumia, alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

“Umekuja kutuuzia mablanketi?”

Akacheka. Akacheka mpaka Bi Tu akamshika mgongo.

Siku ya tatu, alasiri, Mzee aliomba jambo moja: asikie kitanda kikifanya kazi, na wafumaji wawe wale wale. Lieu akapanda juu, Khiem akakaa ubavuni. Penyeza, gu! Mikono ilikuwa imesahau kidogo, ikakumbuka. Walipofika nusu ya mkeka Bi Tu akauondoa kitandani, akaupeleka ukingo hadi kwenye mkono wa mgonjwa, nyuzi zikining’inia. Mzee akapapasa.

“Masikio yale yale,” akasema, akacheka tena, safari hii bila sauti, mdomo tu. Akalala.

Saa kumi alfajiri Bi Tu aliamka kumpa maji, akamkuta ameshaondoka. Mdomo ulikuwa vilevile, kama mtu aliyekatizwa kicheko.

Sasa hapa ndipo mgeni anapotea, na mtu wa pale hata hashtuki. Binti aliyefiwa na baba hukaa miaka mitatu ndipo aolewe. Miaka mitatu! Khiem alikuwa na siku tisa tu. Njia ni moja, na wazee waliijua tangu zamani: harusi iwahi kabla msiba haujatangazwa. Kabla mtu yeyote hajalia, kabla vitambaa vyeupe havijafungwa vichwani, aliyekufa huhesabiwa kuwa angali hai.

Bi Tu alilifunga pazia la chumba cha nyuma. Akageuka, macho makavu.

“Asilie mtu. Atakayelia amemwoza mdogo wake msibani. Huong, leta kanzu yako nyekundu. Khiem, kamwamshe mjomba wako na mkewe, waje na tambuu ya posa.”

“Mama...” Lieu alianza.

“Baba yako amepumzika,” Bi Tu alisema. “Umesikia? Amepumzika.”

Saa kumi na mbili walikuwa watu saba mbele ya meza ya wahenga, Ngan akiwa bado usingizini. Kanzu ya Huong ilikuwa ndefu mikono, wakaikunja na kuishika kwa pini. Mjomba wake Khiem alishika sinia la tambuu na popoo kwa niaba ya wazazi walioko kule. Udi uliwashwa. Maharusi wakaingia nyuma ya pazia, wakapiga magoti, wakammiminia Mzee chai. “Mzee, watoto hao,” Bi Tu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu mezani. Walipotoka, shemeji, mume wa Huong, akasema lazima kuwe na picha japo moja. Akaiegemeza simu kwenye chupa ya mchuzi wa samaki, akakimbia kujipanga.

Wakapiga. Kisha mkeka ule wa nusu, ambao hata ncha za nyuzi hazijakatwa, ukatandikwa kwenye kitanda cha maharusi, kwa kuwa mpya mwingine haukuwepo. Bi Tu akautandaza, akaulainisha kwa kiganja mara tatu, akasema, “Haya. Imekwisha.”

Ndipo akapiga yowe lililoamsha kijiji kizima.

Kwenye daftari la serikali Bi Tu aliandikisha kwamba mumewe alifariki saa tatu asubuhi. Hakuiona hiyo kuwa uongo. Kwake saa tatu ndipo alipomlilia, na mtu hufa anapoliliwa.

Mwaka mmoja na nusu baadaye Lieu aliketi mbele ya kile kioo cha ofisi ya viza mjini Saigon, amevaa blauzi iliyopigwa pasi mara mbili. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, si mkali, sauti yake ya chini. Kando yake alikaa mkalimani kijana.

“Mbona kwenye picha hakuna anayecheka?”

Lieu akatazama magoti yake.

“Na baba yako yuko wapi? Hakuhudhuria harusi ya binti yake?”

Neno lilimtoka lenyewe, jinsi lilivyopandwa. “Alikuwa amepumzika, chumba cha nyuma.”

Afisa akafungua faili. “Mume wako ameandika kuwa baba yako alifariki saa kumi alfajiri, mkafunga ndoa saa kumi na mbili. Cheti kinasema alifariki saa tatu. Wewe unasema alikuwa amepumzika. Nimwamini nani?”

Unaona mtego ulivyo? Akisema mumewe ndiye mkweli, amemfanya mama yake mwongo, na harusi yake ameitia msibani kwa mdomo wake mwenyewe. Akishikilia la mama, mumewe ndiye mwongo. Lieu akanyamaza. Na kimya, mbele ya kioo, nacho huandikwa. Barua ilisema kwamba uhusiano wao haukuthibitika kuwa wa kweli.

Siku mbili baadaye ndipo Ngan alipopanda kigoda.

Kulikuwa na bwana mmoja mjini Sa Dec, Bwana Thach, aliyewajazia watu fomu. Alizipekua karatasi za Lieu huku akitikisa kichwa.

“Dada, miaka minne mnaandikiana, nimesoma zote. ‘Umekula’ nimezihesabu mpaka nimesikia njaa. ‘Nakupenda’ hata moja! Hata kwa kukosea!”

“Hatujazoea.”

“Na hii picha ndiyo inawamaliza. Hii si harusi, hii ni foleni ya hospitali. Sikiliza. Mumeo akija tena, tunapiga upya. Turubai, maua, keki. Wageni nitaleta mimi, ninao watu wa kucheka, wazuri sana, kuna mama mmoja akicheka meno yote thelathini na mawili yanaonekana.”

Lieu aliporudi na habari hiyo, mama yake aliipenda. “Kucheka tu kuna dhambi gani? Watu wanacheka bure kila siku.”

“Mama, tukicheka kwenye hiyo mpya, ile ya zamani inakuwa uongo.”

“Na nini kingine unataka?”

“Useme saa ya kweli.”

Bi Tu akasimama, akachukua ungo wake, akaenda uani. Kwa wiki nzima hakulizungumza. Alikuwa akiogopa, na hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Akilisema lile jambo, basi yeye ndiye mama aliyemwoza mwanawe juu ya maiti, na baraka yote aliyoilinda kwa macho makavu asubuhi ile itamwagika kama maji ya ndoo.

Lieu naye hakumsukuma. Alirudi kazini. Huong alikuwa na homa wiki ile, kwa hiyo hakukuwa na wa kupenyeza. Lieu akakaa ubavuni, akapenyeza unyasi mmoja, akainuka, akapanda juu, akabana: gu. Akashuka, akapenyeza, akapanda. Gu. Kati ya gu moja na nyingine ungeweza kumenya kitunguu. Bi Tu alimsikia akiwa jikoni, na samaki wa chungu akamwungulia, yeye ambaye haunguzi.

Akaja, akakaa pale alipokuwa akikaa Khiem, akachukua kijiti.

Wakafuma urefu wa mkono mzima. Kisha Bi Tu akasema, “Baba yako angetukana hii spidi.” Na baadaye kidogo, “Lete karatasi.”

Kabla ya kuanza aliwasha udi, akaiambia picha ya mumewe, “Mzee, nakurudisha saa kumi, palepale ulipokuwa. Usinikasirikie.” Halafu akasema, na Lieu akaandika: “Mume wangu alikata roho saa kumi alfajiri. Mimi nilifunga pazia. Mimi niliwakataza wanangu kulia. Saa ya kwenye cheti niliisema mimi. Kama kuna kosa ni langu, msimwadhibu mtoto.” Akaweka dole gumba.

Safari ya pili Lieu alikwenda Saigon na barua hiyo pamoja na ule mkeka wa maharusi, umekunjwa kwapani. Walinzi mlangoni walimfanya aukunjue wote sakafuni, wakaukagua kama una kisu ndani, na foleni yote ikasimama kutazama.

Afisa alikuwa yule yule. Aliisikiliza barua ikisomwa na mkalimani, na mkalimani alipofika kwenye “niliwakataza wanangu kulia” aliisoma sentensi hiyo taratibu, kwa kuwa naye alizaliwa vijiji vya mtoni na aliijua desturi.

“Kwa hiyo baba yako alikuwa wapi?” afisa aliuliza tena.

“Nyuma ya pazia,” Lieu alisema. “Alikuwa ameshakufa kwa saa mbili. Tulimpa chai.”

Lilikuwa limetoka. Paa halikuanguka. Afisa akainama, akautazama ule mkeka.

“Na hii?”

“Tulifuma mimi na mume wangu. Siku ya mwisho ya baba.”

Afisa akapitisha kidole ukingoni. Pengine alikuwa na bibi aliyefuma, nani ajuaye. Kisha akainua simu, akapiga namba ya Khiem, akamwomba Lieu asiseme neno.

Kule Khiem alikuwa juu ya paa la mtu.

“Bwana, mkeka wenu wa harusi una kasoro. Kasoro gani, na upande upi?”

Hakufikiri hata sekunde. “Kushoto. Una masikio. Lakini andika kabisa kwamba si mimi, ni yeye! Anabana kabla sijamaliza kupenyeza. Tangu ana miaka kumi na mmoja namwambia!”

“Mkono wako mfupi!” Lieu alipayuka kwenye kioo, amesahau katazo, amesahau blauzi, amesahau yuko wapi.

“Lieu? Upo hapo? Umekula?”

Mkalimani alitafsiri yote, hadi mkono mfupi. Na yule mwanamke wa sauti ya chini akacheka, kichwa kimeenda nyuma. Baada ya hapo aliuliza maswali mengine mawili matatu, ya kutimiza fomu. Wiki ya sita viza ikatoka.

Lieu aliondoka. Nyumba ikanyamaza, Bi Tu akazoea, au alisema amezoea. Picha ilibaki ukutani, na Ngan akakua chini yake: akafanya hesabu chini yake, akapoteza meno, akaota mengine, akaanza kusoma kidato cha kwanza, cha pili. Hakuuliza tena. Ila kila akipita aliwatazama wale watu saba, midomo imebanwa kama ya waogeleaji chini ya maji.

Miaka saba baada ya lile swali, Lieu na Khiem walikuja kwa siku ya kumkumbuka Mzee. Siku hiyo ndiyo pia siku yao ya ndoa, haiwezekani kuitenganisha, na samaki wa chungu anayepikwa kwa ajili ya marehemu ndiye huyo huyo maharusi wanayemla. Khiem alikuwa ameanza kuota mvi. Alikuwa ubavuni mwa kitanda cha kufumia na shemeji yake, wanashindana, wanatukanana, gu, gu. Bi Tu alikuwa akipanga tambuu kwenye sinia. Udi ulikuwa nusu.

Ngan, sasa ana miaka kumi na mitano na ni mrefu kumpita mama yake mdogo, aliishusha picha kutoka ukutani ili aifute vumbi. Hakuhitaji kigoda.

“Mama mdogo,” alisema, “kuna siku niliwahi kukuuliza kitu, ukatoka nje.”

“Nakumbuka.”

“Mbona hakuna anayecheka?”

Lieu aliipokea ile fremu. Akaipangusa kioo kwa kiganja, mara tatu, kama anayetandaza mkeka. Hakuwatazama wale saba. Aliweka kidole nyuma yao, kwenye kitambaa cha maua kilichofungwa mpaka chini.

“Anayecheka yumo,” alisema. “Ni vile tu tulifunga pazia.”